Alama za Mtajo: Kuzifungua na Kuzifunga, kwa Mkono na kwa Kompyuta

Shabaha ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kueleza kazi za alama za mtajo na kuziweka mahali pake katika usemi halisi;
(b) kutofautisha mtajo wa kufungua, mtajo wa kufunga na ritifaa;
(c) kuzichapa alama hizo kwa usahihi katika programu ya kuandikia na katika mfumo wa kupanga chapa uitwao LaTeX;
(d) kutambua makosa ya kawaida na kuyasahihisha.

1. Utangulizi

Soma sentensi hizi mbili kwa makini:

(i) Chifu alisema, “Mzee ameuza shamba.”
(ii) “Chifu,” alisema mzee, “ameuza shamba.”

Maneno ni yale yale matano, na yamefuatana vile vile. Hata hivyo, katika sentensi ya kwanza chifu ndiye anayemtaja mzee kuwa ameuza shamba. Katika ya pili, mzee ndiye anayemtaja chifu. Hakuna neno lililoongezwa wala kuondolewa. Kilichobadilika ni uakifishaji tu. Sasa chukulia kwamba sentensi hiyo imo katika kumbukumbu za kikao cha kuamua mgogoro wa ardhi, na aliyeichapa hakuwa makini. Mtu asiye na hatia anaweza kubebeshwa kosa la mwenzake.

Hiyo ndiyo kazi kuu ya alama za mtajo: kumpa kila msemaji maneno yake. Huja kwa jozi. Moja hufungua na nyingine hufunga, na hizo mbili hazifanani. Ukilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya somo itakuwa rahisi kwako, uwe unaandika kwa kalamu katika chumba cha mtihani au unachapa kwa kompyuta.

2. Matumizi ya alama za mtajo

Alama za mtajo (pia huitwa alama za usemi au za kunukuu) hutumiwa:

(a) Kuonyesha usemi halisi, yaani maneno kama yalivyotamkwa na msemaji.
Mfano: “Nitarudi kesho,” Bahati alisema.

(b) Kunukuu maneno kutoka kwenye maandishi ya mtu mwingine. Unapojibu maswali ya fasihi na kutoa dondoo, dondoo hilo huingia ndani ya mtajo.

(c) Kutaja anwani ya kitabu, shairi, makala au filamu. Katika vitabu vilivyopigwa chapa, anwani ya kitabu mara nyingi huandikwa kwa herufi za mlazo. Kwa mkono, unaweza kuipigia mstari au kuitia ndani ya mtajo. Chagua njia moja, uifuate hadi mwisho wa jibu lako.

(d) Kutenga neno la lugha nyingine, au neno lililotumiwa kwa maana isiyo ya kawaida.
Mfano: Alituonyesha “jumba” lake, kibanda cha mabati chenye chumba kimoja.

Tahadhari: Mtajo si alama ya kusisitiza. Mwenye bucha akiandika kwenye bango lake Nyama “safi”, alitaka kuisifu nyama yake, lakini msomaji makini atajiuliza kama kweli ni safi. Ukitaka kusisitiza neno, lipigie mstari au likolezee wino.

Kumbuka pia kwamba usemi wa taarifa hauna alama za mtajo. Bahati alisema kuwa angerudi siku iliyofuata. Mtahiniwa anayegeuza usemi halisi kuwa wa taarifa, kisha akaziacha alama za mtajo katika jibu lake, amefanya nusu ya kazi tu.

3. Mahali pa alama nyingine

Watahiniwa wengi hukumbuka kuweka mtajo, lakini hukosea koma, kituo na herufi kubwa. Zingatia kanuni hizi:

(a) Msemaji akitajwa kwanza: weka koma, fungua mtajo, anza kwa herufi kubwa, kisha weka kituo kabla ya kufunga.
Mama alisema, “Maji yamekatika tangu jana.”

(b) Usemi ukitangulia: koma huwekwa ndani ya mtajo, kabla ya kufunga.
“Maji yamekatika tangu jana,” mama alisema.

(c) Usemi ukiwa swali au mshangao: kiulizi au alama ya hisi huchukua nafasi ya koma. Usiweke zote mbili.
“Maji yatarudi lini?” Baraka aliuliza.

(d) Usemi ukikatizwa katikati ya sentensi: sehemu ya pili huanza kwa herufi ndogo.
“Maji,” mama alisema, “yatarudi kesho.”

(e) Swali likiwa la mwandishi, si la msemaji: kiulizi hukaa nje.
Je, ni nani aliyesema, “Maji yamekatika”?

(f) Msemaji akibadilika katika mazungumzo, anza aya mpya.

Kwa mkono, mtajo wa kufungua huandikwa kama tarakimu 66 ndogo zilizoinuliwa juu ya mstari, na wa kufunga kama 99. Usiandike vijistari viwili vilivyosimama wima pande zote mbili. Usiishushe alama ya kufunga hadi kwenye mstari, kwani mtahini ataiona kama koma mbili.

4. Tatizo la kibodi

Kalamu hukuruhusu kuandika umbo lolote unalotaka. Kibodi haikuruhusu. Itazame: ina kitufe kimoja tu cha mtajo maradufu (") na mtajo mmoja ('). Alama zilizochorwa hapo zimesimama wima. Hazionyeshi kama zinafungua au zinafunga.

Sababu yake ni ya zamani. Taipureta ilikuwa na nafasi ya vitufe vichache, kwa hivyo alama moja ilifanya kazi ya kufungua na ya kufunga. Orodha ya herufi za kompyuta iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1963, ilikuwa na nafasi 128 pekee, nayo ikaendeleza desturi hiyo. Baadaye ilikuja orodha pana zaidi iitwayo Unicode, ambamo kila alama ina nambari yake: “ ni 201C, ” ni 201D, ‘ ni 2018 na ’ ni 2019. Kwa hiyo, kompyuta za leo zinazo alama zote nne. Vitufe ndivyo havijaongezwa, na ni juu yako kuieleza mashine ni alama ipi unayoitaka.

5. Kuchapa katika programu ya kuandikia

Programu kama Microsoft Word hujaribu kukukisia. Ukibonyeza kitufe cha mtajo baada ya nafasi au mwanzoni mwa mstari, huweka alama ya kufungua. Ukikibonyeza baada ya herufi au koma, huweka ya kufunga. Mara nyingi hukisia vizuri. Hukosea katika hali hizi:

(a) Ukiacha nafasi kabla ya kufunga. Ukichapa Nitarudi kesho, halafu ukabonyeza kitufe cha nafasi kabla ya mtajo, programu itadhani unafungua upya. Usiache nafasi baina ya mtajo na maneno yaliyomo ndani yake.

(b) Neno likianza kwa ritifaa. Katika ushairi, silabi ya kwanza inaweza kuachwa ili kupata inkisari, kwa mfano ’mekuja badala ya amekuja. Programu huona alama iko mwanzoni mwa neno na huigeuza kuwa ya kufungua: ‘mekuja. Hilo ni kosa. Dawa yake ni kubonyeza kitufe mara mbili ili upate ‘’ kisha uifute ile ya kwanza.

(c) Ukinakili maandishi kutoka mahali pengine. Alama zilizosimama wima hubaki wima, na kazi yako huwa na alama za aina mbili katika ukurasa mmoja. Pitia kazi nzima uzilinganishe.

(d) Lugha ya programu ikiwa nyingine. Ikiwa imewekwa Kifaransa, utapata alama « na », kwa sababu ndizo zinazotumiwa katika vitabu vya Ufaransa. Badilisha lugha ya maandishi kabla ya kuanza.

Unaweza pia kuichagua alama mwenyewe. Katika kompyuta ya Windows yenye vitufe vya nambari upande wa kulia, shikilia Alt na uchape 0147 upate “, 0148 upate ”, 0145 upate ‘ na 0146 upate ’. Katika simu, shikilia kitufe cha mtajo kwa muda na orodha ya maumbo yake itajitokeza.

6. Kuchapa katika LaTeX

Vitabu vingi vya hisabati na sayansi, pamoja na tasnifu za vyuo vikuu, hupangwa kwa mfumo uitwao LaTeX. Msingi wake ni programu ya TeX iliyoanzishwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1977, baada ya kuona kurasa za kitabu chake mwenyewe zimepangwa vibaya. Leslie Lamport aliijengea LaTeX juu yake katika miaka ya 1980. Ukijiunga na chuo baada ya mtihani huu, huenda ukakutana nayo mapema.

LaTeX haikisii. Wewe huandika maneno na maagizo katika faili moja, nayo hukupangia ukurasa kwa kufuata ulichoagiza. Kwa hiyo, unaambiwa waziwazi: fungua kwa kitufe kimoja, funga kwa kingine.

Kitufe cha kufungua ni kile kilicho juu kushoto, kando ya tarakimu 1, chenye kialama kidogo kilichoinama (`). Katika somo hili tutakiita kiinamo. Kitufe cha kufunga ni kile cha ritifaa ('), karibu na Enter. Kanuni ni nne:

Kiinamo kimoja ` hutoa ‘
Viinamo viwili `` hutoa “
Ritifaa moja ' hutoa ’
Ritifaa mbili '' hutoa ”

Mfano. Ukichapa:

``Nitarudi kesho,'' Bahati alisema.

utapata ukurasani:

“Nitarudi kesho,” Bahati alisema.

Kosa la kawaida zaidi ni kutumia kitufe cha mtajo maradufu ulichozoea. Ukichapa "Nitarudi kesho," katika mpangilio wa kawaida wa LaTeX, utapata ”Nitarudi kesho,” yaani alama ya kufunga pande zote mbili. Usemi umefungwa kabla haujafunguliwa. Kwenye skrini ya kuchapia huwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu hapo alama zote zimesimama wima. Utaliona tu katika ukurasa uliokwisha kupangwa. Basi soma ukurasa huo kabla ya kuupeleka kwa mpiga chapa.

Tangu mwaka wa 2018, LaTeX hupokea pia alama “ na ” zikiingizwa moja kwa moja, bila mpangilio wa ziada. Hata hivyo, njia ya viinamo na ritifaa ingali inafanya kazi, na utaikuta katika faili nyingi za watu wengine.

7. Mtajo ndani ya mtajo

Msemaji akinukuu maneno ya mtu mwingine, tumia mtajo maradufu kwa nje na mtajo mmoja kwa ndani:

“Nilimsikia akisema, ‘Nimeng’oa mihogo,’ kisha akakimbia,” shahidi alieleza.

Katika LaTeX utachapa hivi:

``Nilimsikia akisema, `Nimeng'oa mihogo,' kisha akakimbia,'' shahidi alieleza.

Ugumu hutokea pale semi zote mbili zinapoishia mahali pamoja. Hapo utahitaji mtajo mmoja wa kufunga, ukifuatwa na maradufu. Ukichapa ritifaa tatu mfululizo ('''), LaTeX itazichukua mbili za kwanza kuwa mtajo maradufu, na ile ya tatu kuwa mtajo mmoja. Mpangilio utakuwa umepinduka: wa nje umefungwa kabla ya wa ndani. Zitenganishe kwa agizo \, ambalo huweka nafasi nyembamba sana:

Shahidi alieleza, ``Alisema, `Nimeng'oa mihogo.'\,''

Usizitenganishe kwa kitufe cha nafasi. Nafasi ya kawaida ni pana mno, na inaweza kuiacha alama moja mwishoni mwa mstari na kuitupa nyingine mwanzoni mwa mstari unaofuata.

8. Ritifaa na sauti ng’

Waandishi wa Kiswahili wana jambo la ziada la kuchunga. Ritifaa ni sehemu ya tahajia yetu. Bila hiyo, ng’oa (toa kitu kilichokita mizizi) huwa ngoa (wivu au hamu). Nayo ritifaa iliyopangwa vizuri ina umbo lile lile la mtajo mmoja wa kufunga: ’.

Tazama tena sentensi ya shahidi. Kati ya ‘ na mwisho wa usemi wa ndani kuna ’ mbili: moja ni ya nimeng’oa, nyingine inafunga usemi. Msomaji anayeharakisha anaweza kudhani kwamba usemi umeishia kwenye “Nimeng”. Hii ni sababu nzuri ya kutumia mtajo maradufu kwa nje katika Kiswahili na kuuacha mtajo mmoja kwa usemi wa ndani pekee. Usipoufungua kila usemi kwa mtajo mmoja, alama ’ itabaki na kazi yake ya tahajia bila kumkanganya mtu.

Katika LaTeX, ritifaa ya ng’ombe huchapwa kwa kitufe cha ritifaa: ng'ombe. Usitumie kiinamo. Ukichapa ng`ombe utapata ng‘ombe, alama ikiwa imegeuka nyuma.

Zingatia pia kwamba kwa kompyuta, ' na ’ ni alama mbili zenye nambari tofauti. Ukichapa ng'ombe kwa njia moja katika ukurasa mmoja na kwa njia nyingine katika ukurasa unaofuata, faharasa inayopangwa na mashine inaweza kuliorodhesha neno hilo mara mbili. Chagua njia moja kwa kazi nzima.

9. Muhtasari

- Mtajo huja kwa jozi: kila unaofunguliwa hufungwa.
- Koma na kituo cha usemi hukaa ndani ya mtajo.
- Usiache nafasi baina ya mtajo na maneno yaliyomo ndani.
- Katika LaTeX, fungua kwa viinamo viwili, funga kwa ritifaa mbili.
- Mtajo maradufu nje, mmoja ndani.
- Ritifaa ya ng’ daima huelekea upande mmoja: ’.

10. Maswali ya marudio

1. Eleza matumizi mawili ya alama za mtajo, na utoe mfano kwa kila moja. (alama 4)

2. Akifisha maneno haya kwa njia mbili ili upate maana mbili tofauti. Eleza kila maana. (alama 4)
daktari alisema muuguzi amepoteza dawa

3. Andika katika usemi wa taarifa. (alama 2)
“Nitaileta barua yako kesho,” karani aliniambia.

4. Mwanafunzi alichapa sentensi hii katika LaTeX. Taja makosa matatu, kisha uichape upya. (alama 4)
"Ng`ombe wamekunywa maji", alisema mchungaji.

5. Kwa nini ritifaa tatu mfululizo haziwezi kufunga mtajo mmoja uliomo ndani ya mtajo maradufu katika LaTeX? (alama 2)

Majibu

1. Taja kazi zozote mbili kutoka sehemu ya 2. Kila kazi ina alama 1 na mfano wake alama 1. Kazi isiyo na mfano hupata nusu tu.

2. (i) Daktari alisema, “Muuguzi amepoteza dawa.” Aliyepoteza dawa ni muuguzi.
(ii) “Daktari,” alisema muuguzi, “amepoteza dawa.” Aliyepoteza dawa ni daktari.
Ukisahau koma baada ya “Daktari”, jibu la pili halijakamilika.

3. Karani aliniambia kuwa angeileta barua yangu siku iliyofuata.
Angalia mabadiliko manne: nitaileta → angeileta, yako → yangu, kesho → siku iliyofuata, na alama za mtajo zimeondolewa.

4. Makosa: (i) mtajo umefunguliwa kwa kitufe ", ambacho hutoa alama ya kufunga, (ii) kiinamo kimetumiwa badala ya ritifaa katika ng’ombe, (iii) koma imewekwa nje ya mtajo. Sahihi:
``Ng'ombe wamekunywa maji,'' alisema mchungaji.

5. LaTeX huziunganisha ritifaa mbili za kwanza kuwa mtajo maradufu wa kufunga, na ya tatu hubaki kuwa mtajo mmoja. Kwa hivyo, usemi wa nje hufungwa kabla ya ule wa ndani. Huzuiwa kwa kuchapa '\,'' badala yake.

Kwa mtahiniwa: Ukimaliza kujibu swali la uakifishaji katika Karatasi ya Pili, rudi nyuma na uhesabu. Idadi ya alama za kufungua na idadi ya alama za kufunga zilingane. Zisipolingana, kuna msemaji ambaye maneno yake hujayafunga, na huenda unamsemesha mtu asichokisema.